Mchezaji Akisusa Kambi, Ulizia Mkataba Kwanza

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni shabiki wa Simba, naishi Morogoro. Julai 2024 niliumia mara mbili. Kwanza kiungo wetu Clatous Chama kahamia Jangwani, kwa watani wetu Yanga. Halafu mshambuliaji Kibu Denis, ambaye tulikuwa ndiyo kwanza tumemwongezea mkataba, haonekani kambini, mara tunasikia yuko Norway. Redioni ilikuwa "hana nidhamu", "hana shukrani" kuanzia asubuhi hadi usiku, na miezi michache baadaye watu walewale wanamsifia. Je, ni kweli wachezaji wetu wamekosa adabu? Na mimi shabiki wa kawaida, kati ya wote hawa wanaoongea, nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu yangu, salama. Watu wawili uliowataja umewatia kapu moja, na kesi zao hazifanani hata kidogo. Niwatenganishe kwanza, maana jibu la swali lako lote linaanzia hapo.

Clatous Chama alimaliza mkataba wake na Simba. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinamruhusu mchezaji aliyebakiwa na miezi sita au pungufu kwenye mkataba wake kuzungumza na kusaini na klabu nyingine, na mkataba ukiisha anaondoka bila kumlipa mtu hata shilingi. Simba walijua tarehe hiyo tangu siku waliyosaini naye. Klabu inayomtaka mchezaji wake abaki huketi naye mapema, mwaka mmoja kabla, wakamalizana. Isitoshe, Desemba 2023 Simba hiyohiyo ilimsimamisha Chama pamoja na Nassoro Kapama kwa kile ilichokiita utovu wa nidhamu, kisha akasamehewa akarudi kucheza. Miezi saba baadaye akavuka mtaa. Ulivyoumia nakuelewa, maana kumwona mtu aliyekupa raha kwa miaka akivaa njano na kijani si jambo dogo. Ila hakuna ahadi aliyoivunja. Alifanya kazi hadi siku ya mwisho ya mkataba, akatafuta kazi nyingine.

Kibu Denis ni habari nyingine. Yeye alikuwa ndani ya mkataba mpya. Kwa taarifa ya klabu, hakuripoti kambini Misri, kisha akaonekana Norway na klabu ya Kristiansund. Kanuni zilezile zinasema klabu inayomtaka mchezaji mwenye mkataba iiandikie kwanza klabu yake kabla ya kuzungumza naye. Kama mambo yalikwenda kama Simba walivyoeleza, basi hilo ni kosa la nidhamu halisi, kosa la mwajiriwa kutoripoti kazini, na ulikuwa na kila sababu ya kukasirika. Siwezi kumtetea mchezaji kwa hilo, na wachezaji ninaowashauri kuhusu mikataba nawaambia hivyohivyo: ukiwa na ofa ya Ulaya, hata ya majaribio tu, barua ije klabuni kwako, na wewe uwe mazoezini siku inapofika. Klabu nyingi zitakuachia. Ukiondoka kimyakimya unampa mwajiri wako haki ambayo hakuwa nayo jana yake.

Lakini tazama kilichofuata. Kibu alirudi. Desemba 15, 2024, dhidi ya CS Sfaxien kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Simba ikiwa nyuma kwa bao moja, akasawazisha, na dakika za nyongeza zikiwa zinaisha akafunga la pili. Watu waliomwita msaliti mwezi Julai waliimba jina lake. Nilikuwa na furaha kama wewe usiku ule, ila nilijiuliza: tabia yake ilipimwa lini upya? Mimi sikusikia kamati ikiueleza umma kwamba lile la Norway limeishaje. Mabao mawili yakafunga jalada. Ndiyo maana kesi ya tabia ya mchezaji ninayoisikia redioni siichukulii kama hukumu. Mara nyingi ni hali ya msimamo wa ligi inayozungumza.

Sasa tuliangalie hilo neno lenyewe, "utovu wa nidhamu", kwa sababu ndilo linalokuchanganya. Desemba 2020 Simba ilitoa taarifa ya kumsimamisha Jonas Mkude kwa utovu wa nidhamu. Desemba 2023 ikawa zamu ya Chama na Kapama. Yanga, Azam na klabu za mikoani nazo hutoa taarifa za namna hiyo. Zisome vizuri: zinataja kosa, hazitaji kitendo. Alichelewa mazoezini? Alimtukana kocha? Aligoma kusafiri? Hatuambiwi. Na mchezaji kwa kawaida hawezi kuongea, kwa sababu mikataba mingi inamkataza kuzungumza na vyombo vya habari bila ruhusa ya klabu. Basi pengo linabaki wazi, na ndani ya saa moja limeshajazwa. Huyu anasema alikuwa baa, yule anasema alipigana na nahodha, mwingine ana "chanzo cha ndani kabisa". Kufikia jioni mchezaji ana historia nzima ya ulevi ambayo hakuna mtu hata mmoja aliyeiona kwa macho yake.

Kwa ninavyoijua kazi hii, chini ya neno hilo moja hufichwa mambo ya aina tatu. Lipo kosa la kweli, kama kuchelewa, kususa mazoezi, kumvunjia kocha heshima, na hili nisikudanganye, lipo sana. Wapo vijana wanaopata fedha nyingi ghafla wakadhani kocha ni mtu wa kubembelezwa. Lipo pia la mchezaji anayetaka kuondoka na hajui njia halali ya kuondokea. Na lipo la tatu, ambalo shabiki halioni kabisa: mchezaji hajalipwa.

Hili la tatu ndilo linalonikera kuliko yote. Mchezaji wa kwetu hategemei mshahara peke yake. Fungu kubwa mara nyingi ni ada ya usajili, na klabu hupenda kuilipa kwa awamu: nusu siku ya kusaini, nusu "dirisha dogo", yaani usajili wa katikati ya msimu, au "msimu ukianza". Awamu ya pili inapochelewa, mchezaji anapiga simu, haipokelewi. Anamfuata kiongozi kambini, anaambiwa subiri mgao. Mwezi wa tatu anaamua kusema anaumwa goti. Wewe uliyeko Morogoro unasikia tu: fulani amegoma, mabosi wamekasirika, hana shukrani.

Wakati njia halali ipo. Tangu 2018 kanuni za FIFA zina kifungu kinachosema kwamba mchezaji asipolipwa angalau mishahara miwili ya mwezi, anaweza kuiandikia klabu akaipa siku 15 ilipe, na isipolipa anavunja mkataba kwa sababu halali na kudai haki zake. Lakini nani anaitumia? Wageni. Mzambia au Mghana akidai, kesi yake ina sura ya kimataifa na anaweza kuipeleka FIFA moja kwa moja, na klabu isipotekeleza uamuzi inafungiwa kusajili. Ndicho kilichoikuta Yanga mwaka 2024 kwa madai ya Mzambia Lazarous Kambole. Mtanzania anayedai klabu ya Tanzania, kwa kawaida shauri lake linaanzia na kuishia humuhumu, kwenye kamati za TFF, shirikisho la soka nchini. Anajua akishtaki leo, kesho atahitaji klabu nyingine ya hapahapa, ambako viongozi wanafahamiana na simu zinapigwa. Chama cha wachezaji, SPUTANZA, kipo, lakini lini uliwahi kukisikia kikisimama hadharani na mchezaji aliyesimamishwa? Kwa hiyo mgeni anaandika barua na kuitwa mtu anayejua haki yake, mzawa anasusa kambi na kuitwa mtovu wa nidhamu. Madai ni yaleyale.

Kesi iliyotufunza zaidi, kwa mtazamo wangu, ni ya Feisal Salum, na bado watu wanaisimulia nusunusu. Desemba 2022 Fei Toto, kama anavyoitwa, alikuwa kiungo tegemeo wa Yanga, mkataba wake ukiwa unafika 2024. Akaweka Sh112 milioni kwenye akaunti ya klabu: milioni 100 za kuvunja mkataba na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Piga hesabu hapo ndugu yangu. Milioni 12 kwa miezi mitatu ni milioni nne kwa mwezi, kwa mchezaji aliyekuwa akianza karibu kila mechi kubwa, ndani ya timu ileile yenye wageni waliosajiliwa kwa fedha za kigeni. Upande wake uliamini kiasi hicho ndicho kinachotakiwa ili aondoke. Yanga wakasema mkataba hauvunjwi na mchezaji kwa kuweka fedha benki tu, wakazirudisha. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji halali wa Yanga. Akaomba marejeo, akakataliwa.

Mabishano hayo yalihusu jambo zito la kisheria. Kifungu kinachotaja kiasi cha fedha kwenye mkataba kinaweza kuwa na maana mbili tofauti. Kinaweza kuwa mlango: lipa kiasi hiki, nenda, hudaiwi neno. Au kinaweza kuwa fidia: atakayevunja mkataba bila sababu atalipa kiasi hiki, lakini kuvunja kwenyewe kunabaki kosa. Tofauti yake ni kubwa, kwa sababu kwa kanuni za FIFA mchezaji anayevunja mkataba bila sababu halali ndani ya kipindi cha ulinzi, ambacho ni miaka mitatu ya mwanzo kama alisaini kabla ya kutimiza miaka 28, anaweza kufungiwa miezi minne juu ya fidia. Hata Ulaya jambo hili halijatulia: Oktoba 2024 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya, kwenye kesi ya mchezaji wa zamani Lassana Diarra, iliona baadhi ya kanuni hizo zinakiuka sheria za umoja huo, na FIFA ikalazimika kuzirekebisha kwa muda Desemba mwaka huohuo. Hapo palikuwa na vipindi vya redio vya wiki nzima, vyenye wanasheria wa pande zote mbili, vinavyoweza kumfundisha kijana wa daraja la kwanza namna ya kusoma mkataba kabla hajasaini.

Tulipata nini badala yake? Ugali na sukari. Kauli hiyo ilitoka upande wa familia kuelezea maisha aliyokuwa akiishi, na ikageuzwa kibwagizo cha kumdhihaki, mitandaoni na viwanjani, kwa miezi. Kijana alikaa nje nusu msimu wakati Yanga ikienda hadi fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger. Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoipokea Yanga Ikulu, akaomba suala hilo limalizwe, na siku chache baadaye Fei akauzwa Azam. Msimu uliofuata alifunga mabao 19 ya ligi, nyuma ya Aziz Ki wa Yanga peke yake aliyekuwa na 21. Mimi naona Fei alikosea njia na alikuwa na haki ya msingi, na yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Lakini ilifikaje hatua ya mkuu wa nchi kusuluhisha mkataba wa mpira? Kwa sababu shauri lililotakiwa kuelezwa lilishabikiwa.

Bernard Morrison, winga Mghana, sitakaa naye sana. Agosti 2020 alitoka Yanga akaenda Simba, Yanga wakisema wana mkataba naye wa miaka miwili. TFF ikampa ushindi mchezaji, Yanga wakaenda mahakama ya usuluhishi wa michezo, CAS, na Novemba 2021 nako wakashindwa. Kwa zaidi ya mwaka mzima aliitwa kila jina Jangwani. Mwaka 2022 Yanga wakamsajili tena. Wana Yanga waliopokea jezi yake kwa shangwe hawakuwa na kosa, walikuwa wanaipenda timu yao. Ila waliokuwa wakimchafua kila asubuhi walipaswa kueleza ni nini kilichobadilika.

Nije kwenye sehemu ya pili ya swali lako, nani wa kumsikiliza. Kwanza jua nani anaongea. Msemaji wa klabu si mwandishi wa habari, hata akiwa na kipaji cha kuongea kuliko waandishi wote mjini. Haji Manara aliisemea Simba hadi Julai 2021, na mwezi uliofuata akawa Yanga. Maneno yake kuhusu wachezaji wa pande zote yakageuka na yeye, na hilo halina ajabu, kwa sababu kazi ya msemaji ni kuitetea klabu iliyomwajiri. Kosa ni letu sisi wa vyombo vya habari tunaomweka msemaji kwenye kiti cha chanzo cha habari, tena peke yake, halafu hatumtafuti mchezaji wala wakala wake. Wapo pia wachambuzi. Baadhi yao nawaheshimu sana, hasa waliocheza mpira na wanaokueleza kwa nini beki wa kushoto alichelewa kurudi. Lakini mchambuzi anayejua mbinu si lazima ajue mkataba, na anapoulizwa "kwa nini fulani hayupo kambini", jibu la uaminifu ni "sijui, tumpigie". Hulisikii mara nyingi.

Halafu kuna fedha. Vipindi vingi vya michezo vinadhaminiwa na kampuni za kubashiri, ambazo pia zimewahi kudhamini au zinadhamini klabu zenyewe. Azam Media, iliyosaini mwaka 2021 mkataba wa haki za matangazo ya ligi wa miaka kumi wenye thamani ya Sh225.6 bilioni, iko kundi moja la kampuni na klabu ya Azam FC. Sisemi kwamba watangazaji wake wanapindisha habari, wengi wao wanafanya kazi safi. Nasema msikilizaji ana haki ya kujua nani anamlipa anayeongea, kama anavyojua jezi ya kila mchezaji. Na wapo waandishi wanaopokea bahasha ili kumpaisha mchezaji fulani kabla ya dirisha la usajili, au kumshusha. Tasnia nzima inalijua hilo na haitaki kulizungumza.

Kwa hiyo unaposikia "amegoma", sikiliza kama aliyetoa habari amesema vitu hivi: kitendo gani hasa, siku gani, mkataba wake unaisha lini, anadai au hadai, na mchezaji au mwakilishi wake amesema nini, au alitafutwa na hakupatikana. Habari yenye hayo yote ni nadra, lakini ukiikuta, mkumbuke mwandishi wake na umfuate huyo. Isiyo na hata moja, izime. Na kitu kimoja unaweza kukikagua mwenyewe kwa simu yako: FIFA huchapisha mtandaoni orodha ya klabu zilizofungiwa kusajili. Andika jina la nchi, utaona. Klabu iliyomo kwenye orodha hiyo na wiki hiyohiyo inalalamika kwamba mchezaji wake hana shukrani, ina maelezo ya kutoa.

Je, una haki ya kudai adabu kwa mchezaji? Ndiyo, na usione aibu. Dai afike mazoezini kwa wakati, acheze kwa nguvu zake zote, asimpige mwamuzi, asitukane mashabiki, aheshimu mkataba aliosaini. Ndoa yake, nywele zake, gari alilonunua na picha anazoweka mtandaoni, hayo muachie. Ila kuna jambo moja nakuomba kwa dhati usilishiriki, hata timu ikifungwa vibaya kiasi gani. Baada ya Simba kufungwa na Yanga zile tano moja za Novemba 5, 2023, nilisikia watu, wengine wakiwa na maikrofoni mkononi, wakisema mechi imeuzwa, wakiwataja kipa na mabeki kwa majina. Kuuza mechi ni kosa linaloweza kumfungia mtu maisha yake yote ya soka. Ukimtaja mtu kwa hilo bila ushahidi, mwanawe anaulizwa shuleni kesho yake. Kipa anaweza kuwa na siku mbaya, beki anaweza kuchoka, kocha anaweza kukosea mpango, na Yanga ile ilikuwa nzuri mno. Kwenye mechi ile hayo yote yalionekana waziwazi, hayakuhitaji hujuma kuyaeleza. Kituo kinachorusha tuhuma kama hiyo bila ushahidi kinastahili kuwajibishwa kisheria, na mchezaji anastahili kusaidiwa kukishtaki.

Kama wewe ni mwanachama uliyelipia kadi, nguvu yako ni kubwa kuliko ya kupiga simu redioni. Kwenye mkutano mkuu taarifa ya fedha husomwa. Simama, uliza kwa heshima: hadi leo klabu inadaiwa kiasi gani cha mishahara na ada za usajili na wachezaji wa sasa na waliopewa "thank you", yaani walioachwa, ni kesi ngapi ziko TFF na FIFA, na ni wachezaji wangapi wa kikosi cha kwanza mikataba yao inaisha msimu huu. Omba jibu liingie kwenye kumbukumbu za kikao. Swali hilo la mwisho, kama lingeulizwa kwa sauti mwaka 2023, lingekutajia jina la Chama mapema, wakati klabu ingali na nafasi ya kukaa naye mezani.